Fundi Anajibu: Bolijointi Iliyochomoka na Iliyogoma Kutoka

SWALI: Nina Prado ya mwaka 1999. Nilikuwa nikishuka kutoka Mau Narok na viazi, gurudumu la mbele la kushoto likalala nje na gari likaketi chini. Fundi amesema bolijointi ya chini, kile kiungo cha tufe ndani ya kikombe, imechomoka. Shina lake limebaki kwenye mkono wa chini, yaani kile chuma kinachounganisha gurudumu na chesi, na kwa siku mbili amelipiga nyundo bila kufaulu. Sasa anataka kulichoma kwa gesi. Nimruhusu? Na ile ya kulia, ambayo haipigi kelele, niiache?
Msomaji, Njoro

JIBU: Usimruhusu. Moto ukiufanya mkono uwe mwekundu, chuma hupoteza ugumu wake na bushi za mpira zilizo upande wa ndani huungua. Utakuwa umeokoa bolijointi mbovu na kuharibu mkono mzima.

Kinachomshinda si upungufu wa nguvu. Shina la bolijointi limechongwa kama pia, jembamba chini na nene juu, na tundu la mkono limechongwa vivyo hivyo. Nati ikikazwa, vyuma viwili hung'ang'aniana. Ukigonga ncha ya shina kutoka chini, ncha inapanuka kama uyoga, na hapo ndipo umejifungia mlango. Kinachopigwa ni mkono wenyewe, ubavuni mwa tundu.

Afanye hivi. Nati ilegezwe lakini isitolewe, ibaki imeshika nyuzi tatu au nne. Afunge pula, yaani kifaa cha kung'olea jointi, na kuikaza hadi iwe ngumu kabisa. Kisha aegemeze nyundo nzito, ya kilo 2 hivi, ubavu mmoja wa tundu, na apige ubavu wa pili kwa nyundo nyingine, mapigo makali na mafupi. Kila pigo linalibana tundu likawa yai kwa kufumba na kufumbua, na pula inalivuta shina papo hapo. Mara nyingi halizidi pigo la kumi. Litatoka kwa mlio kama wa risasi, kwa hiyo asiweke uso karibu. Ile nati iliyoachwa ndiyo inayozuia vitu kuruka.

Mwili wa bolijointi umefungwa chini ya nako, yaani kile chuma kinachobeba habu, kwa bolti nne. Zisipolegea, kwanza azikaze kidogo, kisha azilegeze, kwa soketi yenye pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili itavua vichwa. Kwenye Prado hii mkono wa stelingi ni sehemu ya bolijointi yenyewe, kwa hiyo tairodi endi, kile kiungo cha mwisho wa fito ya stelingi, lazima itolewe pia. Ndiyo sababu dukani wanakuuliza kama ni ya kushoto au ya kulia. Usikubali kuambiwa zinaingiliana.

Kabla ya kufunga mpya, asafishe tundu na shina kwa kitambaa kikavu. Grisi isipakwe hapo hata kidogo: vyuma vilivyochongwa kama pia vinashikana kwa ukavu. Bolti nne zinunuliwe mpya pamoja na jointi na zikazwe kwa Nm 80 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nati ya shina kwa Nm 140. Asiye na spana ya kupima atumie mpini wa nusu mita: Nm 140 ni sawa na kuvuta mwisho wake kwa uzito wa kilo 28, na Nm 80 ni kilo 16. Tundu la spliti pini, ile pini inayozuia nati isilegee, lisipolingana na nati, kaza zaidi kidogo. Usirudishe nyuma. Pini ya zamani itupwe.

Gurudumu likilala namna ile huondoka na vitu vingine. Kagua paipu ya breki, waya wa ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande wakati wa kufunga breki) kama upo, na shafti yenye sivii jointi, ile inayolizungusha gurudumu. Paipu iliyovutwa inaweza kuonekana nzima kumbe imepasuka ndani. Ibadilishe.

Sasa ile ya kulia. Tafadhali ibadilishe leo. Kwenye gari hili springi inakaa juu ya mkono wa chini na kuusukuma chini muda wote, ilhali jointi imefungwa chini ya nako. Uzito wa gari kwa hiyo haukandamizi jointi, unaivuta itoke kwenye kikombe chake. Jointi inayovutwa huisha kimya. Haigongi kama ile inayokandamizwa, na siku ya kwanza kusikia sauti yake inaweza kuwa siku gurudumu linapolala. Zote mbili zimekula barabara moja.

Ukitaka kupima nyingine, weka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu kadiri inavyowezekana. Ukiinua kwa chesi, mkono hushuka hadi mwisho wake na uchezaji unaweza kujificha. Tairi likiwa limeachana na ardhi kidogo, ingiza mtaimbo chini yake uinue na kushusha, na mwenzako aweke kidole pale jointi inapokutana na mkono. Kidole husikia kabla ya jicho.

SWALI: Land Rover Discovery 2, iliyotoka Uingereza. Tunatoa bolijointi za ekseli ya mbele. Presi, kile kifaa cha skrubu cha kusukumia jointi, imejipinda na jointi haijasogea. Tukate?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Msikate bado. Gari lililokaa Uingereza limepita miaka mingi kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, na kutu ya chumvi inaingia katikati ya jointi na tundu ikawa kama gundi. Kuna mambo mawili ya kuhakikisha kwanza. Tazameni kingo ya jointi, ule mdomo uliotokeza pembeni, iko upande gani, kwa maana jointi hutokea upande wa kingo tu. Presi nyingi hujipinda kwa sababu mtu anasukuma kinyume. Pili, bomba linalopokea jointi liwe pana kuliko kingo. Likiikanyaga, mnasukuma ekseli.

Sugueni kwa brashi ya waya, mwagieni mafuta ya kulegeza kutu juu na chini, acheni usiku kucha. Asubuhi pakeni grisi nyuzi za presi, kazeni hadi mwisho wa nguvu ya mkono mmoja, kisha pigeni ubavu wa tundu. Kazeni tena, pigeni tena. Isiposogea, pasheni moto nje ya tundu pekee, moto wa kiasi tu, chuma kisibadilike rangi. Jointi iliyozibwa ina grisi ndani. Ikichemka hulipuka na kurusha kifuniko, na hapo mtu anapoteza jicho. Miwani ivaliwe, na asisimame mtu mbele ya kifuniko.

Ikishindikana kabisa ndipo mkate: toeni shina na tufe, pitisheni msumeno wa chuma ndani ya ganda kwa urefu, msimame kabla ya kugusa tundu. Ganda likipasuliwa mahali pamoja hulegea.

Jointi mpya ilale kwenye friza usiku, tundu lisuguliwe kwa msasa laini wa kuondoa kutu tu. Sukumeni pembeni mwa ganda, kamwe si katikati ya kifuniko. Jointi ikiingia kwa kidole, tundu limepanuka. Msiishike kwa vidonda vya kuchomelea. Tafuteni ekseli nzima.

SWALI: Raba ya bolijointi imepasuka lakini jointi yenyewe haichezi. Nibadilishe raba peke yake?
Msomaji, Gilgil

JIBU: Ikiwa umeipasua wewe leo kwa uma wa kutolea jointi, ndiyo. Ikiwa hujui ilipasuka lini, hapana. Vumbi la huko kwenu, hasa karibu na machimbo ya diatomaiti ya Kariandusi, ni jembamba na kali. Likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Finya raba utoe grisi kidogo, isugue kati ya vidole viwili. Ukisikia chembechembe, jointi imekwisha anza kuliwa.

SWALI: Kuna wanaoifungua bolijointi ya zamani, wanajaza nailoni, wanaifunga kwa kuchomelea. Bei ni nusu. Inafaa?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Hapana. Joto la kuchomelea huilainisha nailoni hiyo hiyo siku ya kwanza, na tufe ambalo limekwisha liwa upande mmoja haliwi duara tena. Kwenye gari ambalo jointi zake huvutwa, kama ile Prado ya Njoro, kinachoshikilia gurudumu ni ule mshono wa kuchomelea peke yake.