Mzinga wa VOC: tazama mshono kabla ya herufi

SWALI: Naishi Rotterdam na nimeanza kukusanya vitu vya kale vya baharini. Kuna mtu ananiuzia mzinga mdogo wa shaba, urefu sentimita 70, wenye alama ya VOC, ile Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, na mwaka 1602. Kitakoni pamechongwa 148. Nilipoupima ulikuwa kilo 41. Ubavuni una mstari mwembamba kutoka mdomoni hadi nyuma, na mwili mzima ni kijani. Muuzaji anasema ulitoka kwenye meli iliyozama. Ni wa kweli?

JIBU: Pesa zikae mfukoni kwanza. Kijani hakinishtui, kwani mtu mwenye dawa na haraka zake hukipata kwa siku chache. Kinachonitia shaka ni huo mstari.

Mafundi wa Kiholanzi wa karne ya 17, kina Assuerus Koster wa Amsterdam, walisubu mizinga kwa kalibu ya udongo uliochanganywa na samadi na nywele za wanyama. Kalibu ilisimamishwa shimoni, shaba ikamiminwa, kisha udongo ukavunjwavunjwa. Kalibu moja, mzinga mmoja. Mshono wa kutoka mdomo hadi kitako huachwa na kalibu ya mchanga ya vipande viwili, na mara nyingi mwigaji huusugua kwa tupa akasahau sehemu za chini. Pitisha ukucha hapo, utausikia.

Njoo kwenye 148. Namba ya namna hiyo kwa kawaida ni uzito kwa ratili za Amsterdam, na ratili moja ni takriban gramu 494. Kwa hiyo mzinga wako ulipaswa kuwa kilo 73. Kilo 32 zimekwenda wapi? Chumvi ya bahari hula shaba, lakini haili kiasi hicho ikaacha herufi zinasomeka.

Mwaka 1602 kampuni ilianzishwa, ndiyo maana waigaji wanaupenda. Alama halisi huwa na V kubwa, O na C zikikatiza miguu yake, na juu mara nyingi kuna herufi ya tawi: A ya Amsterdam, H ya Hoorn, E ya Enkhuizen. Tafuta pia jina la fundi likifuatwa na ME FECIT, Kilatini cha “alinitengeneza”.

Ukiona bado una hamu nao, omba upimwe madini kwa mashine ya eksirei. Shaba ya mizinga ni shaba nyekundu, takriban sehemu tisa kwa moja ya bati. Zinki ikijaa humo, hiyo ni shaba ya njano ya bomba la maji.

Na kama kweli ulitoka baharini, dai karatasi. VOC ilipovunjwa mwishoni mwa 1799, mali na madeni yake yalikwenda kwa serikali ya Uholanzi, nayo mpaka leo inadai mabaki ya meli hizo. Tena usiusugue kwa ndimu na chumvi kama sinia la bibi: chumvi ikiingia kwenye vinyweleo vya shaba ya kale, unga wa kijani mpauko hautakoma kutoka.