Baba alipata shambulio la moyo, sasa ana ngiri: jibu langu kuhusu nusukaputi na kambi ya wiki ijayo

Ndugu yangu wa Tororo, swali lako nimelisoma mara mbili. Kwa wanaoingia uzi huu sasa: mzee wake ana miaka 62. Wiki tano zilizopita alipata shambulio la moyo, akalazwa Kampala, akawekewa dripu ya kuyeyusha donge la damu, hakuwekewa stenti (kijibomba cha kushikilia mshipa wa moyo wazi), akarudishwa nyumbani na aspirini na vidonge vingine. Ana ngiri ya kinena ya miaka mingi, ikitoka hurudishwa kwa mkono. Wiki ijayo wilayani kwao kuna kambi ya upasuaji wa bure na kaka mkubwa ameshamwandikisha. Shangazi anasema nusukaputi itamuua. Mchangiaji mmoja hapo juu naye anasema utafiti umeonyesha gesi ya usingizi inaulinda moyo, kwa hiyo mzee aende tu. Na kuna sentensi moja uliyoipitia haraka sana: kaka kawaambia kwamba mkifika kambini msitaje habari za moyo, asije akarudishwa.

Mimi ni afisa wa nusukaputi, mzaliwa wa Bombo, kazi hii nimeifanya miaka 19, mingi nje ya Kampala. Nakwambia moja kwa moja: wiki ijayo mzee asipasuliwe, na habari ya moyo wake isifichwe popote, hata akiwa anang'olewa jino.

Nianze na hiyo gesi, kwa sababu aliyeandika hakudanganya. Ameishia katikati ya hadithi.

Mshipa unaoulisha moyo ukizibwa na donge, nyama ya moyo huanza kufa kutoka ndani kuja nje, kwa muda wa saa kadhaa. Ndiyo sababu tunawahimiza watu wakimbie hospitali. Lakini damu ikifunguliwa tena, kule kurudi kwake nako huumiza. Seli zilizokaa na njaa hupokea oksijeni na kalsiamu kwa mkupuo mmoja, na mitokondria, yaani majiko ya ndani ya seli, huvimba na kupasuka. Ni kama mtu aliyekaa siku nyingi bila kula ukamwekea sahani nzima ya posho (ugali) na maharage. Chakula ndicho anachohitaji, na chakula hicho hicho kinaweza kumdhuru.

Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walifunga mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakaufungua dakika 5, wakarudia hivyo mara nne, ndipo wakaufunga dakika 40 mfululizo. Mbwa hao walipata jeraha la robo tu ukilinganisha na wale waliofungwa dakika 40 bila kutangulizwa. Moyo ulikuwa umeonjeshwa njaa ndogo ukajiandaa kwa njaa kubwa. Mwaka 1997 watafiti wa Wisconsin wakaonyesha, kwa mbwa tena, kwamba isofluraini, gesi tunayoitumia kulaza watu, inaamsha maandalizi ya namna hiyo bila kufunga mshipa wowote. Hapo ndipo habari ya gesi kulinda moyo ilipotoka. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilifurahi sana. Niliona kumbe chupa ile iliyo juu ya mashine yangu inafanya kazi mbili.

Ikaja zamu ya binadamu. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya watu 5,400 waliopandikizwa mishipa ya moyo katika hospitali 36 za nchi 13. Nusu walilazwa kwa gesi, nusu kwa dawa za mshipani peke yake. Baada ya mwaka mmoja waliokufa walikuwa asilimia 2.8 upande wa gesi na asilimia 3.0 upande wa pili. Hiyo ni sawa na hakuna tofauti. Mwaka huo huo, huko Ulaya, zaidi ya wagonjwa 5,000 wa shambulio la moyo walijaribiwa njia ya kuvimbisha mkanda wa presha mkononi na kuulegeza, mara nne, wakitegemea ule ujanja wa njaa ndogo ufike moyoni kutoka mbali. Haikuwasaidia. Nalitaja hili kwa sababu kuna aliyeshauri mzee afungwe mkono kila asubuhi. Msimfunge.

Kwa nini kwa mbwa ikubali na kwa mtu ikatae? Mbwa wa maabara ni kijana, hana kisukari, hana presha ya miaka 20, hamezi dawa, na dakika ya kuziba mshipa wake inajulikana. Mzee wako hayuko hivyo.

Matokeo yale yaliwahuzunisha wengi katika kazi yetu. Mimi yalinipa faraja. Nimefanya kazi miaka mingi na halotheni na ketamini, dawa za usingizi za zamani na za bei nafuu, nikiamini moyoni kuwa wagonjwa wangu wanapungukiwa kwa sababu hatuna gesi za bei kubwa. Dawa zina tofauti, hilo silikatai. Halotheni hulegeza moyo na kuufanya mwepesi kuruka mapigo, ketamini hupandisha presha na kuukimbiza, na mtoa usingizi asiyejua hayo ni hatari. Lakini hakuna chupa inayofanya kazi ya macho ya mtu.

Macho yanaangalia nini? Misuli mingine ya mwili hupata damu moyo unaposukuma. Moyo wenyewe, hasa upande wa kushoto, hula unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mapigo yakipanda hadi 120 au 130, mapumziko yanakuwa mafupi, kazi inaongezeka na chakula kinapungua. Presha ikishuka, damu haifiki. Mgonjwa akipoteza damu nyingi, hata inayofika haina oksijeni ya kutosha. Akitetemeka kwa baridi baada ya upasuaji, mwili unakula oksijeni kuliko kawaida. Akiwa na maumivu, mapigo yanapanda tena. Moyo mzima huvumilia yote haya. Moyo wenye kidonda cha wiki tano hauwezi. Kwa hiyo mtu wa aina ya mzee wako nikimlaza, mkono wangu mmoja uko kwenye mfuko wa hewa na kidole cha mkono wa pili kiko kwenye mshipa wa sikio au wa kifundo, hata kama oksimita, kile kipima oksijeni cha kidoleni, inalia vizuri pembeni, maana umeme ukikatika nataka nijue kabla mashine haijaniambia.

Sasa nikusimulie jambo ambalo limenifanya niandike marefu hivi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimpa sindano ya ganzi ya mgongo mzee mmoja mchuuzi wa samaki aliyekuja kutolewa tezi dume. Nilimuuliza: una presha? Hapana. Moyo? Hapana. Nikaandika hapana, hapana, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Upasuaji ulikwenda vizuri, damu ilipotea kiasi, tukamrudisha wodini anaongea. Usiku wa pili binti yake alimwendea sista akamwambia baba hataki uji na anatoka jasho. Sista alikuwa peke yake na wodi nzima. Akapima joto, hakuna homa, akasema ni uchovu, watamwona daktari asubuhi. Asubuhi nilipopita kumsalimia nilikuta mapigo 130, presha 80, miguu baridi. Nikamuuliza kama kifua kinauma. Akatikisa kichwa, akasema amechoka tu. Mashine ya kupima umeme wa moyo ilikuwepo, karatasi zake zilikuwa zimekwisha. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Binti alikuwa na taulo dogo la kijani, limekunjwa mara nne, limelowa. Alikuwa anamfuta jasho usoni tangu saa tatu usiku. Tukiwa nje ya wodi ndipo aliponiambia kuwa miezi mitatu nyuma baba alibanwa na kifua usiku kucha, kliniki ya mtaani ikampa dawa ya vidonda vya tumbo. Mimi nilikuwa nimeuliza neno "moyo". Sikuuliza kama kuna usiku aliowahi kukosa usingizi kwa kubanwa kifua. Tangu siku hiyo nauliza hivyo, na namuuliza mke au binti, simuulizi mgonjwa peke yake.

Baadaye nilikuja kusoma utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2014, wa watu zaidi ya 15,000 wenye miaka 45 kwenda juu waliopasuliwa sehemu nyingine za mwili, si moyo. Walipimwa troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia. Asilimia 8 moyo uliumia ndani ya siku 30, na kati yao zaidi ya 8 katika kila 10 hawakuwa na dalili yoyote ya moyo. Dawa za maumivu zinaficha, kidonda chenyewe kinaficha. Wala hii si bahati mbaya ya hospitali moja: utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa 2018, Uganda ikiwemo, ulikuta vifo baada ya upasuaji ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu ni vijana zaidi. Katika kila vifo 10, zaidi ya 9 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani watu walitoka thieta wazima, wakafia wodini.

Ndiyo maana naiogopa kambi kwa mzee wako. Siisemi vibaya. Nimefanya kambi nyingi, nimeona wakulima waliobeba ngiri miaka 15 wakirudi shambani, na mgonjwa mwenye moyo mzuri namshauri aende bila kusita. Ila kambini watu hupasuliwa wengi kwa siku, na usiku wa tatu waliompasua wanaweza kuwa wameshapanda gari.

Kuhusu kusubiri: mwongozo wa vyama vya moyo vya Marekani wa mwaka 2014 ulitaka zipite siku 60 au zaidi tangu shambulio la moyo, kwa asiyewekewa stenti, kabla ya upasuaji usio wa dharura. Takwimu za hospitali za California zilionyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji mkubwa ndani ya siku 30 baada ya shambulio, asilimia 32.8 walipata jingine. Kati ya siku 31 na 60 ilikuwa 18.7, na kati ya 61 na 90 ikashuka hadi 8.4. Zile zilikuwa operesheni nzito kuliko ngiri, kama nyonga na utumbo, kwa hiyo usimtishe mzee kwa namba hizo. Zinakuonyesha tu muda unafanya kazi gani. Wiki ijayo atakuwa na siku 42 hivi. Ngiri inayorudi ndani inaweza kungoja.

Isipokuwa jambo moja. Ikitoka ikawa ngumu, inauma, hairudi, na akaanza kutapika, msihesabu siku tena. Utumbo umenaswa. Hospitali saa hiyo hiyo, hata kwa boda, na neno la kwanza mlangoni liwe "alipata shambulio la moyo".

Siku ikifika, mpelekeni hospitali yenye wodi ya kudumu, na fomu ya kutoka Kampala mkononi na dawa zote kwenye mfuko, si majina ya kukumbuka. Asiache aspirini wala nyingine kwa kuamua nyumbani. Kama kati ya dawa zake kuna klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, mtoa usingizi lazima ajue mapema, kwa sababu ya sindano ya mgongo na kuvuja damu. Kama anameza bisoprololi, atenololi au jamaa zake, yaani dawa za kupunguza kasi ya mapigo ya moyo, aendelee nayo hata asubuhi ya upasuaji. Kama hakuwa nayo, asianzishiwe dozi kubwa siku hiyo: utafiti wa 2008 wa watu zaidi ya 8,000 ulionyesha kuwa ilipunguza mashambulio ya moyo lakini ikaongeza kiharusi na vifo.

Na ulizeni kama ngiri yake inaweza kufanywa kwa ganzi ya palepale kinenani. Watu wengi hawajui kuwa inawezekana. Daktari anachoma ganzi tabaka kwa tabaka, mzee yuko macho, anaongea, presha haiporomoki kama inavyoweza kwa sindano ya mgongo, na akihisi kubanwa kifua atakwambia mwenyewe. Shangazi naye atatulia akisikia halazwi.

Kisha mgawane zamu. Usiku tatu za mwanzo alale mtu kwenye mkeka pembeni ya kitanda, mtu asiyeona haya kumwamsha sista. Jasho la ghafla, kuhema, kukataa chakula bila sababu, kuchanganyikiwa, mapigo kukimbia: aseme hivi, "Sista, huyu ni mgonjwa wa moyo, naomba apimwe presha na mapigo sasa." Akijibiwa ni uchovu, aombe tena.

Kaka yako usigombane naye, anataka baba apone bila kuuza ng'ombe. Mwambie aende kambini mwenyewe, awaeleze ukweli, awaulize kama watarudi tena mwaka huu au wanaweza kumwandikia mzee rufaa. Halafu nijibu hapa: ni dawa gani zimeandikwa kwenye ile fomu ya Kampala?