Tiketi ya Jumatano, kwenda Taveta na kurudi

Swali la wiki: Ni safari gani isiyowezekana tena ambayo, ukipewa tiketi leo, utapanda bila kuuliza lolote?

Treni ya Taveta. Nilikuwa jikoni kwa mama nikisoma swali lenu kwenye simu, nikalijibu kwa sauti hata kabla sijafika kwenye alama ya kuuliza. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Treni ya Taveta?" akasema. "Wewe ulikuwa unaipanda kama mgeni wa serikali. Mimi nilikuwa nabeba ndizi."

Tumebishana siku tatu sasa, na naona ni haki niwaletee ubishi wenyewe, si jibu langu peke yake.

Kwa ambao hawakuifahamu: pale Voi, kwenye njia kuu ya reli ya Mombasa na Nairobi, palikuwa na tawi lililochepuka kuelekea magharibi. Lilipita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni, likaikata nyika ya Tsavo Magharibi, likaishia Taveta mpakani, karibu na miguu ya Kilimanjaro. Ni kama kilomita 110, na treni ya abiria ilichukua takribani saa tano. Pigeni hesabu wenyewe. Mwendesha baiskeli mwenye bidii, akipata njia nzuri, tungemkuta Taveta ameshakunywa chai. Tuliliita gari la moshi, ingawa kufikia miaka yangu, mwishoni mwa miaka ya 1980, mvuke ulikuwa hadithi ya wazee na moshi wenyewe ulikuwa wa dizeli. Behewa letu liliungwa pamoja na ya mizigo, nasi hatukuona ajabu, kwa kuwa nusu ya abiria walikuwa mizigo na nusu ya mizigo ilikuwa ya abiria.

Reli ile haikujengwa kwa ajili yetu. Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliotawala upande wa pili walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi ili wapate njia ya kuwafuata, na kufikia katikati ya mwaka huo walikuwa wamefika Maktau, huku maji yakivutwa kwa bomba kutoka Bura, maana nyika ile ukiitegemea kwa maji utakufa nayo. Februari 1916 wakapigwa vibaya pale kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata wakapenya kati ya vilima vya Latema na Reata, na reli ikasukumwa mbele hadi Kahe, ikashikana na ile ya Wajerumani ya kutoka Tanga kwenda Moshi. Taveta yapo makaburi ya askari wa vita ile mpaka leo, nyasi zimekatwa vizuri kuliko uwanja wowote wa shule niliowahi kuchezea. Wapagazi waliobeba masanduku ya vita hiyo, nao walikufa kwa maelfu, hawana mawe yenye majina. Hilo silisemi kwa kupita tu. Babu yangu alikuwa akilisema kila treni ilipopiga honi.

Baada ya vita ikabaki reli ya mkonge na ya watu, na kwa miaka mingi mtu aliweza kupita Taveta akaendelea hadi upande wa pili. Kisha ikaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli lililokuwa la nchi tatu likagawanywa, na mpaka ukafungwa hadi Novemba 1983. Tawi letu likawa limekatwa ncha. Treni iliyokuwa njia ya kupita ikawa treni ya kwenda na kurudi, na nadhani hapo ndipo ilipoanza kufa, ingawa ilichukua miaka mingi kukata roho.

Sasa niwape Jumatano.

Soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi, na treni ilikwenda siku hizo hizo. Iliondoka Voi mnamo saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo sisi wa Mwatate tulitoka nyumbani giza bado zito. Jumamosi, na Jumatano za likizo, mama alinichukua nimsaidie kuchunga mali. Stesheni ilikuwa na taa moja. Chini ya taa hiyo wamekaa kina mama, kila mmoja na kikapu kitupu na magunia yaliyokunjwa, kanga imepandishwa hadi masikioni kwa baridi ya milimani. Hakuna aliyesema mengi. Mbwa ndio waliosikia kwanza. Halafu taa ya treni ikaonekana, mbali, bila mlio wowote, ikaning'inia pale muda mrefu kama nyota iliyokosea njia. Kina mama wote waliinuka kwa wakati mmoja, wakakaza kanga kiunoni, na ndipo mngurumo ukafika.

Tiketi ilikuwa kipande kidogo cha kadibodi ngumu, upana wa vidole viwili. Gadi alipoitoboa ilitoa sauti kavu, kama mtu anayevunja ukucha. Nilikuwa naomba niishike mimi. Nikiishika hadi Taveta, wino ulikuwa umehamia kiganjani, na nilikaa siku nzima sokoni na nusu ya neno mkononi.

Kulipopambazuka tulikuwa tumeacha milima ya Taita nyuma na nyika imefunguka pande zote. Kati ya Maktau na Mbuyuni tuliingia ndani ya mbuga. Punda milia walitutazama, sisi watoto tukawatazama, watu wazima walikuwa na mambo mengine. Na mbele, juu ya kila kitu, mlima. Nilikaa dirisha la kushoto, shavu limebanwa kwenye kioo, nikaitazama ile theluji inavyogeuka kutoka kijivu hadi waridi hadi nyeupe. Kilimanjaro hujifunika mapema. Ikifika saa tano asubuhi aghlabu huna utakachoona ila mawingu. Treni yetu, pamoja na uzembe wake wote, ilikuwa inafika kwa wakati wa mlima.

Hapo mama huanza kucheka. "Mlima," husema. "Mimi nilikuwa naangalia miguu ya watu isikanyage magunia yangu."

Namkubalia mengi. Viti vilikuwa vya mbao, na baada ya saa tano mgongo unavijua ubao kwa ubao. Kurudi kulianza kama saa nane u nusu mchana, behewa likiwa tanuri, mikungu ya ndizi imerundikwa hadi mlangoni na mtu akipita anapita juu ya mali ya mwenzake. Ya chini yote ilichubuka. Mama alikuwa akiiita "ndizi zilizosafiri", na bei yake ilikuwa ya huruma. Siku moja ndovu walisimama njiani karibu na Maktau, familia nzima, mama yao ameipa injini ubavu kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Dereva alipiga honi mara moja, akafikiri tena, hakurudia. Tulikaa pale mpaka jua likazama. Kwangu ilikuwa siku bora ya mwaka ule. Kwa mama ilikuwa mikungu sita iliyoiva kwa lazima, na kutembea gizani kutoka stesheni huku mtoto amelala mgongoni, mtoto mkubwa wa darasa la tano.

Leo ipo lami kutoka Voi hadi Taveta, sehemu ya ile barabara ya Arusha, Holili na Taveta iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tangu 2016 kipo kituo cha pamoja cha forodha pale mpakani. Matatu huondoka ikijaa. Mama hupiga simu Taveta, ndizi huja kwa pikapu hadi mlangoni, hazijachubuka. "Lami imenijengea hili jiko," huniambia, akigonga ukuta kwa mwiko. "Treni imenijengea nini? Maumivu ya kiuno."

Sina jibu la hilo. Mwenye biashara akiniambia barabara ni bora, mimi niliyekuwa nimebeba tiketi ni nani nimpinge?

Lakini jana jioni, tukiwa tumeshaliacha jambo hili, alisema kitu mwenyewe bila kuulizwa. Alikuwa akilalamika juu ya mkulima mmoja wa Taveta aliyempandishia bei, akijua kwamba yeye yuko mbali na wanunuzi wengine wako mbali. "Zamani asingethubutu," akasema. "Zamani tungekuwa tumeshakubaliana kabla ya Mbuyuni."

Nikamwambia asimulie. Kumbe lile behewa nililodhani la watu waliosinzia lilikuwa baraza. Wakishapanda wa Bura, kina mama wa ndizi walisogeza vikapu wakakaa uso kwa uso, na kati ya pale na Mbuyuni walipanga kiwango ambacho hakuna atakayekivuka kwa mkungu mmoja. Wauzaji wa Taveta walikuta wanawake ishirini wenye bei moja mdomoni. Aliyevuka alijulikana, maana jioni alipaswa kurudi na wenzake katika behewa lile lile, saa tano nyingine, hakuna pa kujificha. Wakirudi walichanga pesa za chama, zikahesabiwa mapajani mwa mama mmoja wa Bura aliyekuwa mweka hazina, na mmoja wao, kwa zamu, akashuka na pesa za wote. Mabati ya nyumba niliyokulia, nimekuja kujua jana nikiwa mtu mzima na watoto wangu, yalinunuliwa kwa zamu ya mama katika chama cha behewani.

"Kwa nini chama kilikufa?" nikamuuliza.

"Hakikufa. Tulikosa pa kukaa."

Katika matatu mnakaa kumi na wanne mkitazama kisogo cha dereva. Muziki uko juu. Kila mmoja ana simu yake na mkulima wake, na bei yake ambayo hamwambii jirani. Unafika haraka, hilo ni kweli, na unafika peke yako. Sijui kama aliyepiga hesabu za kuifunga treni ile aliwahi kuingiza kwenye daftari lake saa tano za kina mama walioketi uso kwa uso. Ingeandikwa safu gani? Mizigo? Abiria? Mimi mwenyewe nilikuwa mle ndani na sikuiona.

Mwaka jana nilisimamisha gari kando ya lami, upande wa Maktau, nikashuka kuitafuta reli. Ipo. Haiko mbali na barabara, imelala kwenye majani makavu kama chombo alichokisahau mtu akikusudia kurudi. Miiba imeota kati ya mataruma. Nilitembea juu yake hatua kama mia hivi, na hatua zangu hazikulingana na mataruma, kama ambavyo hazikulingana nilipokuwa mdogo. Hiyo ndiyo dalili pekee niliyoipata kwamba ni mahali pale pale. Lori la saruji likapita barabarani likielekea mpakani. Voi sasa ina stesheni mpya kubwa ya reli ya kisasa, tangu 2017, na treni yake hukufikisha Mombasa au Nairobi kabla hujamaliza usingizi. Wa Taveta hushuka pale, huvuka maegesho, hupanda matatu.

Kwa hiyo tiketi yangu naitaka ya Jumatano, ya likizo, kutoka Mwatate. Lakini safari hii sitakaa dirishani. Nitakaa pale katikati, kwenye mikunjo ya magunia, nisikilize wanavyopanga bei.

Nilimsomea mama barua hii yote kabla ya kuituma, kwa kuwa ni yake zaidi ya yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwenye ndovu, akanyamaza kwenye mabati. Kisha akasema nimekosea.

"Wapi?"

"Dirisha. Ukienda Taveta mlima uko kulia. Kushoto ni wakati wa kurudi, na wakati wa kurudi umeshajifunika."

Nikamwambia haiwezekani, naukumbuka wazi, dirisha la kushoto, theluji na ule uwaridi wake. Akarudi kwenye mchele wake.

"Wewe ulikaa kushoto, ndiyo," akasema. "Kulia nilikuwa nakaa mimi."