Jibu: Skrini sita zote ukuta wa mbele?

Salaam mwalimu, poleni na joto la hapo Tanga. Nimekuelewa hivi: chumba cha wanafunzi 54, skrini sita zimeshanunuliwa, na fundi anataka kuzibandika zote mbele. Mzuie kwanza, maana hapo mnajenga ukumbi wa sinema.

Robert Beichner na wenzake kule Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, kwenye mpango wao wa SCALE-UP (madarasa ya kujifunza kwa vikundi badala ya kusikiliza mhadhara tu), walitumia meza za duara zenye kipenyo cha futi 7. Kila meza wanafunzi tisa, vikundi vitatu vya watatu watatu. Kwako zinatoka meza sita kamili, kila moja na skrini yake ukutani. Dawati la mwalimu liende katikati.

Ila kabla ya meza, angalia umeme. Sisi tulikimbilia fanicha (ujinga wetu huo), tukaja kushtuka soketi zote ziko ukutani. Ekstensheni zikatanda sakafuni, kijana akajikwaa, laptopu ikaenda chini siku ya tatu tu. Pasueni sakafu mpitishe mabomba ya nyaya kabla ya vigae. Na mkikaa karibu na bahari, soketi msiziweke chini ya madirisha. Upepo wa chumvi unazitia kutu upesi.

Jua la asubuhi nalo lisipige skrini. Kila meza ipate ubao mweupe wake, umeme ukikatika kipindi kinaendelea.

Tuma hapa urefu na upana wa chumba, na milango iko wapi, tuchore pamoja.