Anti Tujibu: Ahadi milioni 14, mkononi milioni 6, na harusi ni Desemba

Wapendwa wangu, mwezi huu simu yangu imejaa harusi tupu. Nimesoma zote, nimechagua tano, na yule wa Kimara nimemjibu kwa urefu kwa sababu barua yake naona ni barua ya nusu ya mabinti wa mji huu.

*Anti shikamoo. Tunafunga ndoa Desemba hapa Dar. Kamati ilipitisha bajeti ya milioni 25, ahadi zilizoandikwa ni milioni 14, ila mpaka leo zilizoingia kwa mhasibu ni milioni 6 na laki mbili. Ukumbi tumeshalipa advansi laki tano. Mama mkwe anasema watu wasipungue 300 kwa sababu amechangia watu miaka yote na sasa ni zamu yake. Mimi kila usiku niko Pinterest na Instagram naangalia mapambo mpaka nalia. Tufanyeje?* — Bi harusi mtarajiwa, Kimara

Marahaba mwanangu. Usilie, hesabu yako inatibika, ila tuanzie kwenye hela iliyopo, yaani milioni 6 na laki mbili. Ile 14 iache kwenye daftari. Ahadi ni maneno mazuri ya mtu aliyekuwa na mshahara siku hiyo ya kikao, na Desemba huyohuyo ana nauli ya kwenda kwao na ada ya Januari inamsubiri. Kamati ikipanga kwa ahadi mtaamka siku ya pili ya ndoa mnadaiwa na mpishi, nalijua hilo kwa sababu mdogo wangu alioa hivyo na miezi minane walikuwa wanalipa harusi badala ya kununua kitanda kizuri. Pangeni kwa kilichopo, kikiingia kingine ndio mnaongeza nyama.

Sasa vichwa. Watu wanahangaika kukata bei ya MC, kukata bei ya gari, kumbe kinachokula bajeti ni idadi ya watu, maana kila kichwa kina sahani, kiti, kitambaa cha kiti, kadi, soda mbili na nafasi ukumbini. Tuseme mpishi anawatoza 20,000 kwa sahani: watu 300 ni milioni 6 kamili, hapo hamjanunua hata maji. Watu 120 kwa sahani hiyohiyo ni milioni 2 na laki nne. Hiyo tofauti ya milioni 3 na laki sita hakuna mapambo ya kubana wala keki ya kupunguza itakayokupa.

Lakini mama mkwe wako usimuone mbaya jamani. Kwetu mchango ni deni la heshima, yeye amekaa vikao vya watu miaka yote hiyo, ametoa, amepika, amevaa sare, na wale watu wasipomuona anawaalika itakuwa amewatupa. Haja yake ni watu wake waitwe, hajasema lazima waitwe ukumbini usiku. Kwa hiyo mwambie mumeo mtarajiwa aende yeye mwenyewe (usiende wewe, utaanza ndoa vibaya) ampelekee mama yake wazo hili: ukumbini ni watu 120, na asubuhi ya Jumapili nyumbani kwake mama ni supu. Supu ya ng'ombe kwenye masufuria mawili makubwa, chapati, maandazi, chai ya maziwa, turubai moja la kukodi, maharusi wanafika wamevaa kitenge, wanasalimia mmoja mmoja, wanapiga picha na kila shoga wa mama. Anakaa katikati ya watu wake kama malkia na hiyo supu haifiki hata robo ya gharama ya sahani za usiku. Niliona hivyo Tabata mwaka juzi na nakwambia wale wamama waliondoka na furaha kuliko sisi tuliokaa ukumbini na muziki wa kupasua masikio. Kama sherehe inaziba njia au ina spika, piteni mapema ofisi ya serikali ya mtaa muombe kibali.

Na kama mna moyo wa kuthubutu zaidi, hamisheni harusi yote iwe ya mchana. Ibada saa tatu asubuhi, chakula saa saba, saa kumi watu wanaenda makwao kwa daladala bila kuhangaika na usafiri wa usiku, pombe inanywewa kidogo, mataa ya kukodi hayahitajiki kwa sababu jua lipo. Muulize mwenye ukumbi kama ile advansi mnaweza kuihamishia mchana au siku nyingine. Jumamosi usiku ya Desemba ndio saa ghali kuliko zote kwa mwaka, wakati Kwaresima kumbi nyingi zimelala na mwezi wa Ramadhani vilevile, halafu mfungo mosi ukiingia zinajaa tena. Kwa walio kwao Moshi Desemba ina faida yake, ukoo mzima unakuwa umeshapanda nyumbani, hakuna kumtumia mtu nauli, ndafu anatoka kwa mjomba na mbege inapikwa hapohapo.

Sasa hizo picha za Pinterest. Mwanangu zile nyingi ni za Ulaya na Marekani, maua mengine hata hayaoti huku, na hata za Instagram zetu zinapigwa kwenye meza moja iliyopambwa kuliko zote. Chagua picha tatu tu, basi, halafu funga simu. Nenda nazo kwa mpambaji ila usimuulize "hii ni bei gani", muulize "wewe stoo kwako una vitambaa vya rangi gani tayari". Hapo ndipo watu wanapigwa: unachagua rangi ambayo hana, anashona vitambaa vipya kwa hela yako, halafu anabaki navyo anakodishia wengine. Ukichagua rangi aliyonayo unalipia kukodi tu. Maua fresh yaweke meza ya maharusi peke yake, meza za wageni weka khanga. Doti moja ina pande mbili, unatandika katikati ya meza mbili, juu yake chupa ya kioo yenye majani mabichi na mshumaa, na mwisho wa sherehe zile khanga ndio zawadi ya mama zenu na mashangazi, kwa hiyo hela moja imefanya kazi mbili. Chagua zenye maneno mazuri, wageni watazisoma na kupiga picha kuliko waridi.

Keki, ghorofa ya chini moja iwe ya kweli ya kukata na kulishana, za juu ziwe za maboksi zimefunikwa krimu, na keki ya kugawa iokwe ya kawaida kwenye trei ikatwe jikoni. Hakuna atakayejua. Pilau msimkabidhi mpishi anunue vitu peke yake, kilo moja ya mchele inalisha watu sita hadi nane, kwa hiyo akikuandikia kilo 40 kwa watu 120 muulize zinaenda wapi. Soda kreti ni chupa 24, mjadiliane na duka mapema kwamba kreti zisizofunguliwa zinarudi. Halafu kitu cha mwisho, ile pati ya kuvunja kamati ifuteni kabisa. Mnachangisha watu kwa shida halafu inaliwa laki kadhaa wiki mbili baadaye kujipongeza? Waandalieni chai nyumbani kwenu mkishatulia.

*Anti mambo, mimi ni katibu wa kamati ya kaka yangu Dodoma. Daftari limeshapotea mara moja na grupu la WhatsApp ni kelele tupu, watu wanatuma video za kuchekesha, michango haionekani. Kuna programu gani nzuri ya simu ya kupangia harusi, ya bure?* — Katibu, Dodoma

Poa mdogo wangu. Programu za harusi zipo nyingi ila nyingi zake zimetengenezwa kwa watu ambao harusi inalipiwa na wazazi wawili, haziijui kamati wala kadi ya mchango. Usihangaike nazo. Chukua Google Sheets, ni ya bure na inafunguka kwenye simu, weka kurasa tatu: ya kwanza jina, ahadi, alicholipa, kilichobaki, ya pili matumizi yote na nani kalipwa tarehe ngapi, ya tatu wageni na kama ni singo au dabo. Linki itume kwa kamati kwa ruhusa ya kuangalia tu, kuandika muwe wewe na mhasibu. Mtu akiona jina lake mwenyewe lina sifuri mbele ya wenzake analipa bila kupigiwa simu. Mwingine atasema mnamdhalilisha, kwa hiyo hiyo linki iishie kwenye kamati, grupu kubwa watumieni jumla tu.

Grupu lenyewe ingia kwenye settingi weka maadmini tu ndio watume ujumbe, kelele zinaisha siku hiyohiyo. Waliozoea kupiga stori wafungulieni grupu la pembeni. Hela isikae kwenye namba ya mtu mmoja hata awe mwaminifu vipi, kwa Vodacom kuna M-Koba ambayo ni ya vikundi, hela haitoki mpaka viongozi wenzake wathibitishe, na benki nazo zina akaunti za vikundi. Kadi tengeneza kwa Canva, programu ya kubunia kadi na picha, violezo vya bure vinatosha, tuma kwa WhatsApp, wazee wasiozidi 20 ndio uwachapishie za karatasi na mpeleke kwa mkono, mzee hatumiwi picha. Na wiki tatu kabla tuma fomu ya Google yenye swali moja, unakuja au huji. Watakaonyamaza wapigieni simu, msiwahesabu kimyakimya kama wanakuja maana hapo ndipo sahani zinabaki 40 jikoni.

*Dada yangu, namuozesha binti Tanga, ndoa nyumbani. Kaka zake wawili wako Muscat, kazini hawajapewa ruhusa ya kuja. Nilitaka waione nikahi. Na watu wananiambia nyumbani siku hizi ni aibu, nitafute hoteli.* — Mama wa bi harusi, Tanga

Aibu ya nini dada? Nikahi ya kwetu pwani kwa asili ni halwa na kahawa, watu wanasomewa, wanakunywa kikombe, wanaomba dua wanatawanyika, hoteli imeingia juzi tu. Wewe uko Tanga una asumini, una mrehani, wanawake wa mtaani wanajua kufunga vikuba, wafungie wageni wote wa kike kila mmoja kikuba chake mlangoni, harufu hiyo hakuna hoteli inayoiuza. Uani tandika mikeka, ning'iniza taa za chemli, makuti mabichi mlangoni. Vijana wa Muscat wako mbele yetu saa moja tu, kwa hiyo ndoa ikiwa baada ya alasiri saa haitawasumbua kuunganishwa kwa video, ila waulize kwanza ni programu gani ya video inayofanya kazi huko kwao. Simu iwekwe kwenye stendi karibu na kadhi, mtu mmoja kazi yake iwe hiyo peke yake, bando anunue asubuhi, na mfanye jaribio siku moja kabla palepale mtakapokaa kwa sababu kuta zenu za mawe mtandao haupiti vizuri.

*Nimemlipa mpambaji niliyempata Instagram laki nane, akaunti yake ina wafuasi wengi sana, sasa ameniblok na harusi ni wiki tatu zijazo. Nifanye nini?* — Aliyeumizwa, Mwanza

Pole sana mwanangu, imeniuma. Chukua skrinshoti za mazungumzo yote na meseji ya muamala, nenda polisi ufungue kesi upewe RB, yaani namba ya taarifa yako, halafu toa taarifa kwa kampuni ya simu uliyotumia kutuma hela, leo leo na sio kesho. Nakuombea upate chochote, ila usisimamishe harusi kwa kuisubiri. Mapambo yaliyobaki fanya na ndugu: ukumbi wa parokia au wa taasisi fulani ambao tayari una vitambaa vyake, khanga kama nilivyosema juu, majani.

Kwa wengine: wafuasi wananunuliwa. Kabla ya kulipa omba kufika kwenye kazi yake ya Jumamosi hii, usimame mlangoni dakika kumi umuone akipamba kwa macho yako. Omba namba za maharusi wawili wa mwaka huu uwapigie. Andikianeni mkataba hata wa karatasi moja, na malipo yawe mara tatu, ya mwisho alipwe vitu vikishafika ukumbini.

*Anti, tukifunga bomani watu sita tu halafu tukala mgahawani, hiyo nayo ni harusi?* — Wawili tunaopendana, Mbeya

Ni harusi kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla, na siku yenyewe wawepo mashahidi wasiopungua wawili, kwa hiyo kwenye hao sita mmeshatimiza. Nendeni mapema na vitambulisho, ulizeni wanahitaji karatasi gani nyingine ili msirudishwe. Wazazi waambieni kabla, msiwapelekee cheti. Mgahawani wekeni oda ya meza mapema, agizeni samaki mkubwa mmoja wa kula pamoja, na wewe binti vaa gauni zuri na ubebe maua, hata kama mko sita.