Kipimo cha jeni kwa mtoto mwenye usonji: kazi kubwa iko kabla ya sindano

Usonji hautambuliwi kwa damu. Unatambuliwa kwa kumchunguza mtoto, kumsikiliza mzazi na kufuata vigezo vya mawasiliano na tabia. Kipimo cha jeni huja baadaye, tena na swali lake: je, kuna chanzo kinachojulikana, ambacho kitabadilisha namna ya kumfuatilia mtoto huyu au ushauri tutakaowapa wazazi? Daktari akichanganya maswali hayo mawili, atamwambia mama "majibu ni safi", na mama ataondoka akiamini mwanawe hana usonji.

Kabla ya kugusa fomu, shika futi kamba. Pima mzingo wa kichwa na uuweke kwenye chati ya umri na jinsia. Kichwa kilichozidi wastani kwa mikengeuko sanifu 2.5 au zaidi ni sababu tosha ya kupima PTEN, jeni inayodhibiti ukuaji wa seli. Jibu la jeni hiyo si la kufungia kwenye faili, maana mbebaji anahitaji kufuatiliwa tezi ya thairoidi tangu utotoni, na ukubwani saratani ya matiti na ya mji wa mimba pia. Usijifariji kwamba baba naye ana kichwa kikubwa. Huenda yeye ndiye mbebaji wa kwanza.

Kisha mvue nguo zote. Mabaka yaliyopauka, yenye kipenyo cha milimita 5 au zaidi, yakifika matatu, ni kigezo kikuu cha tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa jeni unaootesha uvimbe katika viungo mbalimbali. Kwenye ngozi nyeupe hujificha, hivyo zima taa za chumba na utumie taa ya Wood, yaani taa ya miale ya urujuanimno. Ukiyakuta, ubongo, moyo na figo navyo vichunguzwe. Kwa msichana aliyekuwa akitumia mikono vizuri kisha akaacha, akaanza kuisugua na kuisokota, fikiria MECP2, jeni ya ugonjwa wa Rett.

Historia ya familia ichukue vizazi vitatu, na uulize mambo mahususi. Swali la "kuna ugonjwa wowote kwenu?" hujibiwa "hapana" karibu kila mara. Uliza kama kuna mjomba aliyechelewa kujifunza, mama mdogo ambaye hedhi ilikatika kabla ya miaka 40, babu mzaa mama aliyeanza kutetemeka na kuyumba baada ya miaka 50. Wale watatu wanaonekana hawahusiani kabisa, kumbe wote wanaweza kuwa wamebeba tatizo la jeni moja, FMR1, yaani familia ya Fragile X, ugonjwa wa kurithi unaoleta ulemavu wa akili. Ndani ya jeni hiyo herufi za DNA, CGG, hujirudia; marudio yakizidi 200, ugonjwa ni kamili. Kati ya 55 na 200, mtu ni mbebaji, na mama mbebaji anaweza kumzaa mtoto mwenye ugonjwa kamili kwa sababu marudio huongezeka anapoyarithisha.

Hapo ndipo penye kosa la kila siku. Daktari huomba maikroarei ya kromosomu, jibu linarudi bila kasoro, naye anaandika kwamba Fragile X haipo. Maikroarei haihesabu marudio ya CGG. Inaona vipande vya kromosomu vilivyopotea au kuongezeka, kama vile maeneo ya 16p11.2, 22q11.2 au 15q11-q13, na kwa kazi hiyo imependekezwa kuwa kipimo cha mwanzo tangu 2010. Haioni badiliko la herufi moja ndani ya jeni, wala kromosomu zilizobadilishana vipande bila kupungua kitu. Kama wazazi wamepoteza mimba mara kadhaa, ongeza kariotaipu, yaani picha ya kromosomu zote, inayoonyesha mabadilishano hayo. FMR1 iombwe kwa jina lake.

Katika watoto 100 wenye usonji, maikroarei huleta jibu la maana kwa takriban 10. Kusoma eksomu, yaani sehemu za jeni zenye maelekezo ya kutengeneza protini, huongeza idadi hiyo, hasa mtoto akiwa pia na ulemavu wa akili, kifafa au kasoro za kuzaliwa. Usonji ukiwa peke yake, matarajio yawe ya chini. Ukiweza, tuma sampuli ya mtoto pamoja na za wazazi wote wawili. Badiliko ambalo wazazi hawana lina uzito mwingine kabisa, na majibu ya kuning'inia hupungua.

Sampuli yenyewe ni jambo jepesi, ila huharibika kwa uzembe mdogo. Tumia chupa ya EDTA, yenye kifuniko cha zambarau, na uigeuzegeuze taratibu mara baada ya kutoa damu ili isigande. Heparini, kizuia kuganda cha chupa nyingine, husumbua vipimo vya PCR, vinavyonakili DNA. Mtoto aliyepandikizwa uboho asipimwe kwa damu, kwani utasoma vinasaba vya aliyemchangia.

Kwenye fomu, neno "usonji" peke yake halimsaidii mtu wa maabara. Andika: alitembea akiwa na miezi 22, kifafa tangu miaka 3, kichwa +3, vidole viwili vya mguu vimeungana. Maabara huchuja maelfu ya mabadiliko kwa kulinganisha na maneno yako hayo.

Waeleze wazazi mapema kwamba kipimo kinaweza kufichua undugu wa damu kati yao, au kwamba baba anayejulikana siye. Mazungumzo hayo yakianza baada ya majibu, yamechelewa.

Majibu yakisema badiliko lenye maana isiyojulikana, usilitibu, wala usilitumie kupima ujauzito unaofuata. Wapime wazazi, kisha subiri. Familia za asili ya Kiafrika hupata majibu ya namna hiyo mara nyingi zaidi, kwa sababu hifadhidata za kulinganishia zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Hata badiliko lililothibitishwa, kama upungufu wa 16p11.2, unaweza kulikuta kwa mzazi asiye na dalili za wazi, kwa hiyo usimwahidi mtu yeyote jinsi mtoto atakavyokuwa.

Wazazi watauliza kuhusu mtoto anayefuata. Bila chanzo kujulikana, ndugu ana uwezekano wa karibu 20 katika 100. Badiliko likiwa jipya kwa mtoto, hushuka hadi takriban 1, wala si sifuri, kwani linaweza kuwa limejificha katika baadhi ya mayai au mbegu za mzazi. Likirithiwa kutoka kwa mzazi aliye nalo, ni nusu kwa nusu kulipata.

Kipimo cha jeni ya MTHFR acha kabisa. Hupoteza fedha na huanzisha vidonge visivyo na mwisho.

Pale ambapo hakuna kilichoonekana, andika hivyo hivyo: "hakuna chanzo kilichoonekana kwa kipimo hiki", pamoja na jina la kipimo na tarehe. Data ya eksomu ichambuliwe upya baada ya mwaka 1 hadi 3, au mapema zaidi dalili mpya zikijitokeza, bila kumchoma mtoto tena. Familia wapewe nakala ya ripoti nzima, si muhtasari wako, kwa sababu maabara ya kumpima shangazi au mdogo wake itahitaji jina kamili la badiliko, herufi kwa herufi.