Macho Yako Yako Wapi Unapopigana?

Wanaoanza gemu za kupigana huniuliza zaidi kuhusu vidole: kombo hii (mfululizo wa mapigo yanayoungana) inatoka vipi, kitufe hiki kinabonyezwa lini, nitumie pedi au fimbo ya kuchezea. Ni wachache wanaouliza macho yanatakiwa kuwa wapi. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, na nimewaona watu wakipanda kiwango kwa kulishughulikia hilo tu, bila kujifunza kombo mpya hata moja.

Mchezaji mgeni humtazama mhusika wake mwenyewe. Inaeleweka, maana bado hana uhakika kama alichobonyeza kimetoa teke au ngumi. Ila vidole vikishazoea, kujitazama hakukupi habari yoyote. Unajua tayari ulichobonyeza. Usichokijua kiko upande wa pili: mpinzani anarudi nyuma hatua moja, anainama, anasita, anaanza kuruka. Mimi huyatuliza macho mbele kidogo ya mpinzani, kwenye uwazi ulio kati yetu, badala ya kuyakaza juu ya mwili wake. Pale naiona miguu yake inaponikaribia, na akiruka naona mara moja kwamba amepotea kwenye eneo ninalolitazama. Ukitaka kujaribu, fanya hilo peke yake kwa jioni nzima. Usiongeze jambo lingine.

Sasa tuzungumzie muda, kwa sababu wengi hudhani tatizo lao ni mikono mizito. Karibu gemu zote hizi huenda kwa fremu 60 kwa sekunde (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda mwendo kwenye skrini), yaani fremu moja ni kama milisekunde 17. Mtu anayesubiri ishara moja tu, huku kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, huchukua takriban milisekunde 200 hadi 250 kuiona na kubonyeza. Hizo ni fremu 12 hadi 15. Akisubiri ishara tatu, kila moja na jibu lake, muda unarefuka. Mwanasaikolojia Mwingereza William Hick alilipima jambo hili mwaka 1952: kadiri machaguo yanavyoongezeka, ndivyo mtu anavyochelewa kuitikia.

Chukua Street Fighter 6, iliyotoka mwaka 2023. Ina pigo liitwalo Drive Impact, ambalo huchukua fremu 26 kabla ya kumfikia mpinzani. Hiyo ni zaidi ya milisekunde 400, na pigo lenyewe lina rangi na kishindo cha kutosha. Kwa hesabu, kila mwenye macho angeweza kulijibu kwa Drive Impact yake. Lakini watu hupigwa nalo kila siku, wakiwamo mabingwa jukwaani. Mikono yao ina kasi ya kutosha. Ila wakati huo akili ilikuwa inapima umbali, inasubiri mpinzani aruke, inawaza mita (kipimo cha nguvu za kutolea mapigo makubwa) imejaa kiasi gani, na jibu lilipofika kwenye kidole, muda ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni kupunguza. Kabla ya raundi kuanza, jiambie jambo moja utakalolisubiri. “Raundi hii haruki bila kupigwa.” Basi. Mengine yote yakinge kwa utaratibu wako wa kawaida, na ukikamatwa mara mbili au ukila pigo la juu ukiwa umeinama, vumilia. Inauma, najua. Lakini ukikaa hivyo kwa muda, kumpiga anayeruka kunahamia kwenye vidole na hakudai tena nafasi kichwani. Hapo unachukua jambo la pili.

Hali ya mazoezi inasaidia sana ikitumiwa vizuri. Gemu nyingi za sasa hukuruhusu kumrekodi mhusika wa mazoezi akifanya vitendo kadhaa, kisha avirudie bila mpangilio. Wengi hurekodi pigo moja, wanalisubiri, wanalijibu, wanafurahi. Kwenye pambano halisi hakuna atakayekupa nafasi ya kusubiri hivyo. Rekodi pigo hilo pamoja na mateke ya kawaida na kutembea mbele na nyuma, kisha wewe nawe uwe na kazi: unatembea, unapima umbali, unajaribu kumgusa. Jibu likitoka ukiwa katikati ya shughuli nyingine, limekuwa lako.

Kombo nazo zina siri yake. Watu hudhani tunazikariri kwa ajili ya kukata damu nyingi, yaani uhai wa mpinzani. Hilo ni kweli, lakini kwangu faida kubwa ni mapumziko. Kombo ikishaingia mikononi, zile sekunde mbili au tatu ambazo mpinzani yuko hewani ni zako. Ndipo ninapotazama damu, saa na mita, na kuamua nitakachofanya akianguka. Kombo fupi ninayoitoa bila kuifikiria ina thamani kuliko ndefu inayonilazimisha kuyagandisha macho kwa mhusika wangu.

Halafu kuna swali. Umakini usio na swali hutangatanga, hata kwa mtu mwenye nia njema. Mimi huingia raundi ya kwanza nikiwa na moja: akiangushwa, anaamka na nini? Anakinga, anabonyeza, anaruka nyuma, au anatoa pigo kuu, lile linalokula mita? Nikishalijua, nauliza lingine: nikikinga pigo lake, anaendelea au anatulia? Kufikia mchezo wa pili ninacho kitu cha kushika, na mpinzani ameacha kuwa fumbo. Amekuwa mtu mwenye mazoea.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa EVO 2004, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, kule California, kwenye Street Fighter III: 3rd Strike, mchezaji Daigo Umehara dhidi ya Justin Wong. Ken, mhusika wa Daigo, alikuwa amebakiwa na damu kidogo mno, kiasi kwamba hata kukinga pigo kuu la Chun-Li, mhusika wa Wong, kungemmaliza. Wong akalitoa. Katika gemu hiyo unaweza kupangua pigo kwa kusukuma mbele wakati linapogusa, nalo halikukati damu. Daigo akapangua mapigo yote 15, la mwisho akiwa hewani, kisha akarudisha kombo iliyomaliza raundi. Watu huzungumzia mikono yake. Mimi huwaambia watazame sekunde zilizotangulia. Pigo lile la kwanza huja haraka mno, huwezi kulisubiri ulione ndipo uamue. Ilibidi awe tayari kabla. Alijua mpinzani anataka kummaliza kwa njia hiyo, akakaa kwenye umbali unaomshawishi, akasubiri jambo hilo moja huku ukumbi mzima ukipiga kelele.

Sasa mwili. Ukisikia kidole gumba kinauma, meno yamebanana na mabega yamepanda, jua kwamba akili imeshaondoka kwenye skrini. Iko kwenye raundi iliyopita, inalalamika, au iko kwenye ushindi ambao haujapatikana. Hili la pili ni hatari zaidi. Mpinzani akibakiwa na damu kidogo, watu wazuri kabisa hukimbilia kummaliza na kuacha kila walichokuwa wakifanya vizuri. Kati ya raundi na raundi kuna sekunde chache. Mimi huzitumia kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko niliyoivuta, kwa sababu kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo. Kisha nalegeza vidole kwenye pedi na kulitaja kimoyomoyo lile jambo moja la raundi inayofuata. Sigusi habari ya raundi iliyopita.

Nje ya gemu, kukaa kimya dakika chache na kufuata pumzi ni mazoezi ya jambo hilohilo. Akili itatoroka. Ukigundua imetoroka, unairudisha kwenye pumzi bila kujigombeza, na kule kurudisha ndiyo mazoezi yenyewe. Wanaoniambia hawawezi kwa sababu mawazo yao hayatulii, huwajibu kwamba wao ndio wenye nafasi nyingi zaidi za kufanya mazoezi. Usingizi, maji na simu iliyozimwa sina haja ya kuvieleza kwa urefu; fanya tu.

Kwenye mtandao nina sharti moja ninalolishika kwa nguvu: sibonyezi marudiano mpaka niweze kusema kwa sentensi moja kilichoniua. “Nilikuwa nabonyeza kila nikikinga teke lake la chini.” Hiyo ni sentensi. “Ana bahati” si sentensi inayonisaidia. Nikishindwa kuipata, naweka pedi chini na kufungua rekodi ya pambano.

Rekodi nayo usiitazame kama sinema. Isimamishe nusu sekunde kabla ya kila pigo kubwa ulilokula, na kabla hujauliza ulipaswa kubonyeza nini, jiulize macho yako yalikuwa wapi na ulikuwa unasubiri nini. Andika jibu kwa maneno machache: “nilikuwa natazama mita”, “nilikuwa nawaza kombo”, “nilisubiri aruke”. Baada ya mapambano kadhaa utaona jibu moja linajirudia kuliko mengine, na hilo ndilo la kuanza nalo kesho kwenye hali ya mazoezi.